Mashine ya milioni 48 itarudisha fedha kwa miaka miwili kweli?

SWALI: "Habari za kazi mtaalamu. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Ubaruku, Mbarali. Ni ile ya zamani ya chuma, na wateja wananikimbia kwa sababu mchele unatoka na chenga nyingi na mawe. Kwa mwaka nakoboa kama kilo 300,000 za mchele kwa shilingi 60 kwa kilo, na nikishatoa umeme, vibarua na vipuri nabakiwa na milioni 9. Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue mashine mpya ya rola za mpira, inayotoa mawe na kugredi, kwa milioni 42. Usafiri, kufunga na umeme wa njia tatu ni milioni 6 nyingine. Anasema nitakoboa kilo 500,000 kwa shilingi 90, gharama milioni 21, nibaki na milioni 24 kwa mwaka, kwa hiyo kwa miaka miwili fedha yangu imerudi. Ya zamani nimepata mtu wa kuinunua kwa milioni 6. Nina akiba ya milioni 18, na benki imekubali kunikopesha milioni 24 kwa riba ya 17% kwa miaka mitatu, dhamana ni shamba letu. Banda nimeshalipanua kwa milioni 3, na mume wangu anasema tukirudi nyuma sasa hizo tumezitupa. Fundi mwingine anasema ninunue mashine ya kugredi peke yake kwa milioni 11 niiunganishe na hii ya zamani, nitatoza shilingi 80 kwa kilo na gharama zitaongezeka kama milioni 2 kwa mwaka. Nichukue ipi?"

JIBU: Dada, ahsante kwa kuandika namba zote. Wengi wanaouliza swali hili huja na bei ya mashine peke yake. Wewe umekuja na vitu vinavyotosha kupiga hesabu, kwa hiyo tuipige pamoja. Nadhani kinachokunyima usingizi ni pande mbili: ukikaa ulivyo wateja wanaendelea kwenda kwa jirani, na ukienda mbele unaweka akiba yote na shamba juu ya maneno ya mtu anayelipwa ukinunua. Hofu zote mbili zina msingi.

Nianze na ile miaka miwili. Muuzaji amechukua milioni 48 akagawa kwa milioni 24. Kugawanya kwake ni sahihi, lakini namba alizozigawanya ndizo zenye kasoro. Milioni 24 ni fedha yote itakayobaki kwenye biashara ukiwa na mashine mpya, na ndani yake zimo milioni 9 unazozipata leo bila kununua chochote. Hizo huwezi kuzihesabu kama matunda ya mashine mpya. Kinachotakiwa ni tofauti: biashara itaingiza kiasi gani zaidi kwa sababu umenunua? Hapo ni 24 kutoa 9, yaani milioni 15. Kwa upande wa gharama mambo yanakwenda kwa faida yako kidogo, maana ukinunua mpya ya zamani inauzwa kwa milioni 6. Fedha inayotoka kweli ni milioni 42.

Na zile milioni 3 za banda? Hapa natofautiana na shemeji, kwa heshima. Fedha hiyo imeshatoka. Ukinunua imetoka, usiponunua imetoka. Kwa kuwa haibadiliki kwa uamuzi wowote utakaoufanya leo, haina nafasi kwenye hesabu hii. Nimeona watu wakiongeza milioni 40 ili "kuokoa" milioni 3, na huo ndio upotevu wenyewe. Banda kubwa litaendelea kukufaa kwa kuhifadhia mpunga wa wateja hata usiponunua.

Sasa tuweke miaka yenyewe. Nimechukulia misimu sita ya kazi nzuri kwa mashine ikitunzwa. Mwaka wa kwanza sikubali kilo 500,000, kwa sababu mteja aliyehamia kwa jirani harudi siku ile ile unapowasha mtambo. Nimeweka kilo 400,000. Zile gharama za milioni 21 nimezigawa: milioni 6 ni za kudumu, kama mlinzi, fundi na leseni, ambazo unalipa hata mtambo ukiwa umezimwa, na milioni 15 zinapanda na kushuka na kilo, sawa na shilingi 30 kwa kilo. Maana yake kila kilo inakuachia shilingi 60. Mwaka wa nne nimetoa milioni 4 za matengenezo makubwa, na mwishoni nimekadiria utaiuza kwa milioni 8. Nyongeza juu ya unachopata leo inakuwa hivi:

Mwaka wa 1: milioni 9
Mwaka wa 2: milioni 15
Mwaka wa 3: milioni 15
Mwaka wa 4: milioni 11
Mwaka wa 5: milioni 15
Mwaka wa 6: milioni 23, pamoja na bei ya kuiuza

Ukijumlisha, mwisho wa mwaka wa tatu umefikisha milioni 39. Milioni 42 zinatimia ndani ya mwaka wa nne. Hicho ndicho kipindi halisi cha kurudisha mtaji, zaidi ya mara moja na nusu ya ulichoambiwa.

Hata hivyo kipindi cha kurudisha mtaji ni kipimo chepesi. Kinakuambia lini fedha inarudi, hakikuambii kama umepata faida, na kinaihesabu shilingi ya mwaka wa nne sawasawa na shilingi ya leo. Wewe kama unacheza upatu unajua si sawa. Anayepokea mzunguko wa kwanza na anayepokea wa mwisho wanapokea kiasi kile kile, lakini kila mtu anataka kupokea mwanzo, kwa kuwa fedha iliyo mkononi leo inaweza kununua mpunga wakati wa mavuno bei ikiwa chini, au kuwekwa Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (mfuko wa uwekezaji wa pamoja) au kwenye hatifungani za serikali ikazaa. Fedha ya kesho lazima ipunguzwe ndipo ilinganishwe na ya leo. Wahasibu wanaita jibu la kazi hiyo thamani halisi ya sasa: unaipunguza fedha ya kila mwaka, unajumlisha, unatoa ulichowekeza. Likibaki chanya mradi umekulipa zaidi ya gharama ya fedha yenyewe. Likiwa hasi, ungefanya vizuri zaidi kuiweka fedha mahali pengine.

Tutumie kiwango cha punguzo cha 20% kwa mwaka, na nitaeleza kimetoka wapi. Milioni 9 za mwaka wa kwanza unazigawa kwa 1.2, zinakuwa 7.5. Milioni 15 za mwaka wa pili unazigawa kwa 1.2 mara mbili, zinakuwa 10.4. Ukiendelea hivyo mwaka wa tatu unapata 8.7, wa nne 5.3, wa tano 6.0, wa sita 7.7. Jumla ni milioni 45.6. Toa 42, inabaki chanya ya milioni 3.6. Kwa hiyo muuzaji hajakuletea kitu kibaya. Ni mradi unaolipa, ila kwa wembamba sana, na wembamba huo ndio nataka uuangalie kwa karibu.

Jaribu kupunguza kilo. Tuseme kuanzia mwaka wa pili unakoboa 450,000 badala ya 500,000. Kila mwaka unapoteza milioni 3, na thamani halisi ya sasa inageuka kuwa hasi ya milioni 3.8 hivi. Nimetafuta mahali faida inapoisha kabisa: ni kama kilo 476,000. Yaani ukipungukiwa kilo 24,000 tu kwa mwaka, chini ya asilimia 5 ya ulichoahidiwa, umefanya kazi miaka sita bila kupata chochote juu ya gharama ya fedha. Kilo 24,000 za mchele ni gunia mia nne hivi za mpunga za kilo mia. Skimu moja ya umwagiliaji ikikosa maji msimu mmoja, au jirani mmoja akafunga mashine kama yako, gunia mia nne zimeondoka.

Ipo na kodi, ambayo sijaiweka. Ikiwa unalipa TRA kwa makadirio, unatozwa kwa mauzo, na mauzo yako yatapanda kutoka milioni 18 hadi 45. Tuseme kodi inaongezeka laki nane kwa mwaka kwa wastani. Kwa miaka sita, baada ya kupunguzwa, hiyo inakula milioni 2.7 kati ya zile 3.6. Mtu anaweza kukwambia uchakavu wa mashine utakupunguzia kodi. Uchakavu hupunguza kodi kwa anayetozwa kwa faida na kutunza hesabu kamili. Kwa anayetozwa kwa mauzo haupunguzi hata senti. Na kwa vyovyote usiutoe kwenye mtiririko wa fedha kana kwamba ni gharama, maana hakuna unayemlipa uchakavu. Bei ya mashine umeshaihesabu yote siku ya kwanza.

Upande wa pili kuna kitu ambacho hukukitaja kabisa: pumba. Mashine yako ya chuma inasaga maganda na pumba pamoja, inatoka takataka nzito isiyo na soko kubwa. Mashine ya rola za mpira inamenya ganda kwanza, halafu inang'arisha mchele, na pumba laini zinatoka peke yake. Hizo wafuga kuku na nguruwe wanazitafuta. Kama kwenu pumba ni mali ya mwenye mashine, ulizia bei ya kiroba kwa wafugaji, kisha ongeza fedha hiyo kwenye nyongeza ya kila mwaka. Inaweza kuziba pengo la kodi lote.

Sasa riba, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo litakaloamua. Umesema 17%. Muulize ofisa mikopo swali moja: inatozwa kwenye salio linalopungua, au kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho? Jibu linabadilisha kila kitu. Kwa salio linalopungua, milioni 24 kwa miezi 36 utalipa kama shilingi 856,000 kwa mwezi, na riba yote ni milioni 6.8. Ikiwa riba inapigwa kwenye mkopo wote bila kupungua, ni milioni 24 mara 17% mara miaka mitatu, yaani milioni 12.24, na rejesho ni shilingi 1,006,667 kwa mwezi. Unalipia riba fedha ambayo umeshairudisha. Gharama ya kweli ya mkopo wa namna hiyo ni karibu 29% kwa mwaka, ingawa kwenye karatasi imeandikwa 17%.

Hapo ndipo kiwango changu cha 20% kilipotoka. Fedha yako inatoka sehemu mbili, akiba na mkopo. Akiba nayo ina gharama hata kama hakuna anayekudai riba, kwa sababu ingeweza kufanya kazi mahali pengine, na kwa biashara yenye hatari kama ya msimu sikushauri ukubali chini ya 20%. Ukichanganya na mkopo wa salio linalopungua, wastani ni kama 18%, nami nimeweka 20% kwa tahadhari. Ukichanganya na ule wa riba isiyopungua, wastani unapanda hadi 25%, na kwa 25% mashine ile ile, kilo zile zile, inatoa hasi ya milioni 2. Kiwango cha ndani cha marejesho cha mradi huu, yaani kile kinachoifanya thamani halisi ya sasa iwe sifuri, ni 23%. Fedha ikikugharimu chini ya hapo unapata, ikizidi hapo unaifanyia kazi benki.

Tahadhari ndogo kabla sijaendelea: usitoe rejesho la mkopo kwenye zile nyongeza za kila mwaka halafu ukapunguza tena kwa kiwango cha punguzo. Gharama ya mkopo imeshaingia kwenye kile kiwango. Ukifanya yote mawili umeilipa riba mara mbili, na mradi mzuri utauona mbaya.

Rejesho linaangaliwa kwenye swali jingine kabisa: je, utaweza kulipa? Mradi unaweza kuwa na faida kwenye karatasi na bado ukakufilisi kwa sababu fedha haiji siku inayodaiwa. Mwaka wa kwanza biashara nzima itakuachia milioni 18. Benki kwa riba isiyopungua inachukua milioni 12. Mnabaki na chini ya milioni 6, ninyi mliozoea kuishi na 9. Tena kazi ya kukoboa inajaa kuanzia mavuno ya Mei hadi kama Septemba, kisha inapwaya. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni miezi mitano, sawa na milioni 5 za marejesho, na mtambo unawashwa kwa nadra. Omba benki wakupangie marejesho ya msimu, makubwa wakati wa mavuno na madogo wakati kazi imepwaya. Benki zinazokopesha wakulima zinalifahamu ombi hilo. Wakikataa, fedha ya miezi mitano iwe imewekwa pembeni kabla ya Novemba kwisha, la sivyo shamba liko hatarini.

Tuje kwa fundi wa pili. Mashine ya kugredi ya milioni 11: kilo zako 300,000 mara nyongeza ya shilingi 20 ni milioni 6, toa gharama milioni 2, inabaki nyongeza ya milioni 4 kwa mwaka. Kwa miaka sita kwa 20% inakupa milioni 13.3, toa 11, chanya ya milioni 2.3. Marejesho yake ya ndani ni karibu 28%.

Utasema basi, 28% imeishinda 23%, nichukue hii. Taratibu. Asilimia kubwa ya kitu kidogo inaweza kuwa fedha ndogo. Kabla ya kodi mashine kubwa inakupa 3.6 na hii 2.3, na unachopeleka nyumbani ni shilingi. Ninachokipenda kwenye chaguo hili ni kingine. Haihitaji mkopo, kwa hiyo shamba linabaki salama na unabakiwa na milioni 7 za akiba. Kodi yake inaongezeka kidogo, tuseme laki mbili kwa mwaka, ikabaki chanya ya milioni 1.6, wakati ile kubwa baada ya kodi inabakiwa na chini ya milioni 1. Na nyongeza yake, bila kuhesabu kodi, inaweza kupungua kwa asilimia 17 kabla haijawa hasara. Pia haikufungii mlango: msimu wa tatu ukiona wateja wamejaa, mashine kubwa bado itakuwepo sokoni.

Lakini fundi hajakwambia ukweli wote. Kugredi hakuponyi mchele uliovunjika. Mashine ya chuma inavunja punje kwa msuguano, na gredi itakachofanya ni kuzitenga chenga upande mmoja na punje nzima upande mwingine. Mteja ataona kwa macho yake chenga zilivyo nyingi. Wapo watakaofurahi kwa kuwa gredi ya kwanza itauzika ghali, na wapo watakaokusanya chenga zao na kuhama. Mawe nayo hayatoki kwa kugredi, yanahitaji kifaa chake. Kwa hiyo hiyo shilingi 80 usiichukulie kama imeshapatikana. Muulize pia bei ya kubadilisha sehemu ya kumenya tu, iwekwe ya rola za mpira, na bei ya kichekecha mawe. Huenda jibu lako likawa hapo katikati, na hesabu yake utaipiga kwa njia hii hii. Zaidi ya yote, ujue mashine ya zamani ina uhai gani. Kama inakufa baada ya misimu miwili, zile milioni 9 nilizozitoa kila mwaka kwenye hesabu ya mashine mpya hazitakuwepo, na mashine mpya inakuwa bora kuliko nilivyoonyesha.

Kwa hayo, usisaini chochote wiki hii. Nenda ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) Mbeya, uombe fundi wao aje aikague ya zamani akupe makadirio ya uhai wake kwa maandishi. Yeye halipwi na muuzaji wako, kwa hiyo hana sababu ya kukupamba. Tafuta wenye mashine kama hiyo mpya Igurusi na hapo hapo Ubaruku, uwaombe daftari la msimu uliopita, usikubali kumbukumbu ya mdomo. Waulize rola zinadumu kilo ngapi na zinapatikana wapi, maana mtambo uliosimama wiki mbili za Juni kwa kusubiri rola unapoteza kilo ambazo hazirudi. Benki waombe ratiba nzima ya marejesho, mwezi kwa mwezi, pamoja na ada na bima. Jumlisha mwenyewe: ikizidi sana milioni 30.8, riba haipungui. Kisha mpelekee karatasi zote mhasibu aliyesajiliwa na NBAA (bodi ya taifa ya wahasibu), hasa kwa ajili ya kodi na masharti ya dhamana ya shamba; ada yake ni ndogo mbele ya milioni 42.

Orodhesha pia wateja waliokuacha, kila mmoja na gunia zake, uwapigie simu uwaulize kama watarudi kwa shilingi 90. Wale watakaosema ndiyo, hesabu nusu yao. Ukijumlisha na wa sasa wakafika kilo 476,000 na ziada ya kutosha kulipia kodi, na benki ikakupa salio linalopungua, nunua mashine mpya. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, msimu huu usiiguse, uongee na fundi kuhusu rola na gredi kwa fedha yako mwenyewe.